Kabla Hujachapisha: Mwongozo Kamili wa Kuamua Mtanziko wa Kimaadili kwa Mwanafunzi wa Uandishi wa Habari

Kila muhula napokea rasimu za wanafunzi wenzangu wa uandishi wa habari, na kila muhula nakutana na kosa lilelile. Mtu amepata habari nzito, amekesha nayo, amejiuliza mara kumi kama aichapishe au aiache, kisha ananiletea ikiwa imeshaandikwa na kuuliza: "Kimaadili iko sawa?"

Hapo swali limeshachelewa. Chanzo, yaani mtu aliyekupa habari, kimeshaahidiwa, picha imeshapigwa, jina limeshatajwa kwenye kundi la ujumbe la darasa. Kinachobaki ni kuchagua nani aumie.

Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuamua mapema. Una hatua tisa. Zipo utakazozimaliza kwa dakika tano, na zipo zitakazokula siku nzima. Ya tatu na ya tano ndizo zinazowaangusha wengi, kwa hiyo nimekaa nazo zaidi.

Ili tusiongee hewani, tutatembea na mfano mmoja. Tuseme unaandikia gazeti la wanafunzi. Mwenzako wa chumbani anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: mkufunzi anamtaka alipe ili arekebishiwe alama. Anakuruhusu uchukue picha za skrini, "lakini usinitaje." Na mkufunzi huyohuyo anakufundisha wewe somo moja muhula huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari lililoshonwa, lisilo na kurasa za kunyofoka. Kila unapoandika, weka tarehe na saa. Ukija kuulizwa miezi sita baadaye ulimwahidi nini mtu, kumbukumbu yako itakuwa imeshajipendelea.
- Kanuni za maadili, nakala nzima iliyochapwa. Anza na za chombo chako. Kama hakina, chukua hati ya kimataifa ya maadili iliyopitishwa mjini Tunis mwaka 2019 na IFJ, shirikisho la wanahabari duniani, au kanuni za SPJ, chama cha wanahabari cha Marekani, zilizorekebishwa mwaka 2014. Za SPJ ni fupi na zina nguzo nne: kutafuta ukweli na kuutangaza, kupunguza madhara, kutotumikia maslahi ya mtu, na kuwajibika kwa uwazi.
- Mtu mmoja anayeweza kukuambia "hapana". Asiwe anayeandika habari hiyo pamoja nawe, wala rafiki anayekuonea haya.
- Mtu wa kumuuliza sheria. Sheria za kashfa, za kurekodi mazungumzo na za kulinda watoto hutofautiana kati ya nchi na nchi. Huu ni mwongozo wa maadili, hauchukui nafasi ya mwanasheria.
- Mahali salama pa kuhifadhi ushahidi. Simu yenye nywila unayoijua peke yako, siyo kompyuta inayotumiwa na chumba kizima.
- Saa mbili za kukaa peke yako kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya habari.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Sentensi mbaya: "Je, ni sawa kuandika habari ya mkufunzi?" Hiyo haina pa kushika.

Sentensi nzuri: "Je, nichapishe ushahidi wa hongo utakaowasaidia wanafunzi wote wa somo hili, ikiwa kuuchapisha kunaweza kumfichua aliyenipa na kumharibia masomo yake?"

Sababu ya kuandika hivi ni kwamba mtanziko hutokea pale mema mawili yanapogongana na huwezi kuyapata yote. Ukishindwa kuyataja mema yote mawili katika sentensi moja, huenda huna mtanziko. Huenda una kishawishi: lililo sahihi unalijua, ila linakugharimu. Kubuni nukuu kwa sababu muda wa kuwasilisha umefika ni kishawishi. Stephen Glass alipofukuzwa na jarida la The New Republic mwaka 1998 kwa kubuni habari, hapakuwa na mema mawili yaliyogongana.

Au huenda una swali la sheria tu, nalo lipeleke kwa mtu wa sheria.

Onyo: usianze na neno "haki ya umma kujua". Neno hilo hufungua kila mlango, hata usiostahili kufunguliwa. Taja umma gani, unahitaji kujua nini, na utafanya nini ukishajua. Katika mfano wetu umma ni wanafunzi wanaolipishwa, na wakijua wataweza kukataa na kulalamika. Hilo linatosha.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyejua habari yako anasoma sentensi hiyo na kusema, "Ni ngumu kweli."

## Hatua ya 2: Jiandike wewe kwanza

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila mtu aliyemo kwenye habari. Kulia andika uhusiano wako naye: unalala naye chumba kimoja, anakusahihishia mtihani, mna ugomvi wa zamani, unamdai.

Mwanahabari wa kulipwa huweza kuondoka eneo la habari akarudi nyumbani. Mwanafunzi anaishi ndani ya habari yake. Chanzo ni rafiki, mtuhumiwa ni mwalimu, msomaji ni jirani wa mlango wa pili. Kuwa na uhusiano si kosa. Kosa ni kumficha mhariri.

Katika mfano wetu, mahusiano mawili ni mazito mno: chanzo ni mwenzako wa chumbani na mtuhumiwa ana alama zako mkononi. Ushauri wangu hapa hauna kona: mwachie mwandishi mwingine aiandike. Mpe ulichonacho, kwa ruhusa ya chanzo, na ubaki kuwa shahidi. Najua inauma kuachia habari yako ya kwanza kubwa. Lakini mkufunzi huyo akikufelisha kesho, hakuna atakayejua kama ni kisasi, na akikufaulisha, hakuna atakayeamini kwamba hukumlegezea.

Ikiwa hakuna mwingine wa kuiandika, endelea, ila mhariri ajue kwa maandishi na habari yenyewe imtajie msomaji kwamba mwandishi anafundishwa na mtuhumiwa. Urafiki wako na chanzo usiuandike hadharani. Huo unamfichua.

## Hatua ya 3: Kubalianeni masharti kabla hajaanza kueleza

Hapa ndipo habari nyingi za wanafunzi huvunjika, tena ndani ya dakika tano za mwanzo.

Mtu anaposema "usinitaje", yeye ana maana moja kichwani na wewe una nyingine. Kuna makubaliano ya aina nne, na kila moja lina kazi yake:

1. Kunukuliwa kwa jina. Maneno yake, jina lake.
2. Kunukuliwa bila jina. Maneno yake yanatumika, yeye anatambulishwa kwa maelezo mliyokubaliana. Maelezo yenyewe ni sehemu ya makubaliano. "Mwanafunzi" na "mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili" ni ahadi mbili tofauti kabisa.
3. Kutumia taarifa bila kumnukuu wala kumwelekezea. Unaambiwa ili ujue pa kutafuta.
4. Kutochapisha. Unasikia, unaacha. Hapa uliza papo hapo: "Je, naruhusiwa kuitafuta kwa mtu mwingine?"

Usimtajie mwenzako majina ya kitaaluma, maana hayajui na ataitikia tu. Sema kwa maneno ya kawaida. Mimi husema hivi:

"Kabla hujaendelea, tukubaliane kwanza. Jina lako sitaliandika. Mhariri wangu mmoja atalijua, bila hivyo hawezi kuichapisha. Kwenye habari nitakuita 'mwanafunzi aliyetakiwa kulipa', basi. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekuhisi. Na ukinidanganya kwa makusudi, makubaliano haya hayapo tena. Unakubali, au ungependa ulale nalo hadi kesho?"

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mtu aliyepewa usiku mmoja wa kufikiri hukataa mapema au hubaki imara.

Kwa nini umtaje mhariri? Mwaka 1982 huko Minnesota, Marekani, mshauri wa kampeni aitwaye Dan Cohen aliwapa waandishi nyaraka za mahakama kuhusu mgombea wa upande wa pili, kwa ahadi kwamba hatatajwa. Waandishi waliahidi. Wahariri wa magazeti mawili wakaamua vingine na kumtaja. Cohen alipoteza kazi siku hiyohiyo. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1991 iliamua kwamba uhuru wa vyombo vya habari hauyakingi magazeti yasidaiwe kwa kuvunja ahadi ya namna hiyo. Waandishi wale walitoa ahadi ambayo haikuwa mikononi mwao. Na wewe mwanafunzi hali yako ni hiyohiyo: ahadi unayoitoa ni ya gazeti, kwa hiyo muulize mhariri kwanza.

Ahadi ikishatolewa kihalali, ina bei. Judith Miller wa The New York Times alikaa jela siku 85 mwaka 2005 kwa kukataa kumtaja mtoa taarifa wake. Sikutajii hilo kukutisha. Nakutajia ili usiseme "nitakulinda kwa vyovyote" huku ukijua kwamba mkuu wa idara akikuita ofisini utatetemeka. Ahidi kiasi unachoweza kukibeba.

Na akisema mwishoni, "Hayo usiyaandike"? Inategemea ni nani. Kiongozi au msemaji aliyezoea waandishi anajua sheria ya mchezo: masharti huwekwa kabla. Aliyosema yamesemwa. Lakini mwanafunzi mwenzako ambaye hajawahi kuhojiwa maishani hakujua. Kwa huyo, mimi humwachia, hata nukuu iwe tamu kiasi gani. Wapo wahariri watakaokupinga hapa. Nimeshabishana nao na bado sijabadilika.

Umefanikiwa ikiwa umeandika masharti kwenye daftari, umemsomea, naye ameyarudia kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 4: Hakiki kabla hujaanza kutafakari maadili

Wanafunzi wengi hujadili usiku kucha kama wachapishe jambo ambalo hawajathibitisha kama ni kweli. Mtanziko wa habari isiyo ya kweli haupo.

Huruma kwa chanzo ndiyo mtego mkubwa hapa. Novemba 2014 jarida la Rolling Stone lilichapisha habari ya mwanafunzi aliyesema alibakwa na kundi la wanaume chuoni. Kwa kuheshimu matakwa yake, mwandishi hakuwatafuta watu waliokuwa na uwezo wa kuthibitisha au kukanusha, wakiwemo watuhumiwa. Habari ilibomoka. Aprili 2015 Chuo cha Uandishi wa Habari cha Columbia kikatoa ripoti ndefu ya makosa hayo, na jarida likaifuta habari. Walioumia zaidi ni wanawake wengine waliobakwa kweli, ambao kuanzia hapo walikabiliwa na watu wenye sababu mpya ya kutowaamini.

Kwa hiyo kuhakiki si kumshuku mwenzako. Mwambie hivyo waziwazi: "Nikikuuliza sana leo, kesho hakuna atakayeweza kukuita mwongo."

Katika mfano wetu, usiridhike na picha ya skrini. Omba kuuona ujumbe ndani ya simu yenyewe, usogeze juu na chini usome mazungumzo yote. Linganisha namba na ile anayoitumia mkufunzi kwa shughuli za darasa. Angalia kama alama zilibadilika baada ya malipo. Uliza nani mwingine alijua wakati ule, kabla wewe hujaingia.

Onyo: usiubandike ujumbe wa chanzo kwenye programu ya akili mnemba ili ikufupishie au ikutafsirie. Ukishaupeleka huko, umemshirikisha mtu wa tatu ambaye hamkukubaliana.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuchukua kila sentensi ya madai na kusema umeijuaje, bila kutumia maneno "aliniambia" peke yake.

## Hatua ya 5: Orodhesha watakaoumia, kisha jaribu kumfichua chanzo wewe mwenyewe

Anza na orodha. Usiishie kwa chanzo na mtuhumiwa. Kuna watoto wa mtuhumiwa wanaosoma shule ya karibu. Kuna wanafunzi waliolipa kwa hofu na sasa wataonekana wezi wa alama. Kuna waliofaulu kwa jasho lao ambao vyeti vyao vitatiliwa shaka. Ikiwa kuna mtoto yeyote ndani ya habari, ridhaa ya mzazi pekee haitoshi. Jiulize atakavyojisikia akiisoma akiwa na miaka 20.

Kisha fanya zoezi hili: soma rasimu kana kwamba wewe ni mtuhumiwa na unamtafuta aliyekusema.

Nitaeleza kwa nini nalisisitiza. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika habari kuhusu manyanyaso kwenye bweni. Nilibadilisha jina la aliyenieleza na nikajiona nimemaliza kazi. Lakini nilibakiza kwamba aliishi ghorofa ya juu, kwamba alihamia katikati ya muhula, na kwamba aliwahi kuwa katibu wa klabu moja. Kila kimoja peke yake hakikuwa na madhara. Vitatu kwa pamoja vilimwelekea mtu mmoja tu. Habari ilitoka asubuhi. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wakimwita kwa jina lile la bandia nililompa. Aliondoka bwenini wiki hiyohiyo. Nilimwomba radhi, naye hakunijibu, na haki hiyo ilikuwa yake.

Vipande vidogo vikikaa pamoja hujenga sura. Kwa hiyo chukua kalamu nyekundu, zungushia kila kipande: umri, jinsia, mwaka wa masomo, kozi, bweni, tarehe, namna ya kuongea, ugonjwa, kabila la jina la bandia ulilochagua. Baada ya kila kipande jiulize wamebaki watu wangapi. Wakibaki chini ya ishirini hivi, mimi huanza kufuta. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, haimo katika kitabu chochote.

Sasa itazame ile picha ya skrini kwa karibu. Juu kuna saa: 23:47. Pembeni betri ina asilimia 14. Nyuma ya maandishi kuna picha aliyoiweka kama mandhari, na kona moja ya skrini ina ufa unaoonekana kama uzi. Chini kabisa kuna ujumbe mwingine uliojitokeza nusu, kutoka kwa "Mama". Mwanafunzi makini atafuta jina na kuridhika. Aliye makini zaidi atafuta saa, betri, mandhari na jina la mama.

Bado hajamficha chanzo. Mkufunzi hahitaji jina. Yeye ndiye aliyeandika maneno yale, na anamjua aliyemwandikia. Mtu mmoja ambaye chanzo kinamwogopa kuliko wote ndiye atakayemtambua kwa kusoma mstari mmoja tu. Katika rasimu za namna hii nilizosoma, kosa hili nimelikuta karibu zote.

Matokeo yake ni haya: picha ile haichapishwi, na maneno yake hayanukuliwi neno kwa neno, isipokuwa mkufunzi alituma maneno yaleyale kwa watu wengi na una uthibitisho. Unaihifadhi kama ushahidi wako.

Na picha ulizopiga wewe zina mambo yake. Faili la picha huweza kubeba saa, aina ya simu na hata mahali ilipopigwa. Ondoa taarifa hizo kabla hujamtumia mtu yeyote, akiwemo mhariri.

Umefanikiwa ikiwa umempa rasimu yule mtu wako wa "hapana", ukamwambia "nitafutie ni nani", naye akashindwa.

## Hatua ya 6: Tafuta njia ya tatu

Baada ya hatua ya tano wengi hukata tamaa: "Basi siandiki." Ngoja. Kuchapisha na kuacha si milango pekee.

- Tafuta wengine. Wakipatikana watatu au wanne waliotakiwa kulipa, habari haimwelekei mmoja tena, na inakuwa na nguvu zaidi.
- Badilisha chanzo kwa waraka. Taarifa ya mtu ikuongoze kwenye kumbukumbu za kubadilishwa kwa alama, ratiba, risiti. Karatasi haifukuzwi.
- Subiri. Mwenzako akishapata matokeo yake, hatari inapungua. Ila jiulize ni wangapi watalipishwa katika wiki unazosubiri.
- Andika mfumo. Nani anaruhusiwa kubadilisha alama? Nani anakagua? Malalamiko yanaenda wapi?

Njia moja ambayo wanafunzi huipenda sana ni kujifanya mtu mwingine: kwenda na kinasa sauti mfukoni na kumtega mkufunzi. Nenda polepole. Mwaka 1992 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha kipindi kuhusu maduka ya Food Lion baada ya wanahabari wake kuajiriwa humo kwa maelezo ya uongo na kurekodi kwa siri. Kampuni haikushtaki kwa kashfa. Ilishtaki kwa namna habari ilivyopatikana, na baraza la mahakama likaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 5. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliipunguza hadi dola 2. Ndiyo, dola mbili. Lakini ilikuwa miaka saba ya mawakili, na gazeti la wanafunzi halina mawakili.

Udanganyifu uruhusiwe ikiwa madhara ni makubwa, njia za wazi zimeshajaribiwa zote na zimeandikwa daftarini, mhariri ameidhinisha kabla, na msomaji ataambiwa mlivyofanya. Likikosekana moja, acha.

## Ukiwa eneo la tukio na hakuna muda

Hatua hizi zinahitaji saa. Ajali haikupi saa. Hapo jiulize mambo matatu tu: Je, kuna mtu anayehitaji msaada ambao mimi ndiye niliye karibu kuutoa? Je, uwepo wangu unaongeza hatari? Je, naweza kupiga picha sasa na kuamua baadaye kama itatumika?

Jibu la kwanza likiwa ndiyo, saidia kwanza.

Machi 1993 mpiga picha Kevin Carter alipiga picha nchini Sudan ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa, tai mla mizoga akiwa nyuma yake. The New York Times lilipoichapisha, wasomaji wengi waliuliza swali moja: mtoto alipatwa na nini? Gazeti lililazimika kuchapisha maelezo ya mhariri siku chache baadaye, na halikuweza kusema kama mtoto alifika kwenye kituo cha chakula. Picha ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Swali halikuisha. Sitamhukumu Carter kutoka kwenye kiti cha darasani. Ninachokuomba ni hiki: ukipiga picha ya mtu aliye taabani, andika ulifanya nini kabla na baada, maana utaulizwa, na utajiuliza mwenyewe.

## Hatua ya 7: Mpe mtuhumiwa nafasi ya kujibu

Mwandikie madai mahususi, moja moja, na umpe muda unaolingana na uzito wake. Kwa madai ya hongo, siku mbili au tatu za kazi. Kumpigia simu saa moja kabla ya kuchapisha na kuandika "hakupatikana" ni hila, na msomaji anaijua.

Kuna ugumu mmoja: swali lenyewe linaweza kumfichua chanzo. Usiulize, "Ulimwandikia mwanafunzi tarehe fulani saa tano usiku?" Uliza, "Tuna ushahidi kwamba umewataka wanafunzi wa somo hili walipe ili kubadilishiwa alama. Jibu lako ni lipi?"

Mwambie chanzo siku utakayotuma maswali hayo, kabla hujatuma. Asikutwe darasani bila habari.

Umefanikiwa ikiwa jibu lake limo ndani ya habari, karibu na madai, na wala halijasukumwa aya ya mwisho.

## Hatua ya 8: Andika uamuzi kwenye ukurasa mmoja

Huenda umefundishwa kisanduku cha Ralph Potter wa Harvard, chenye vyumba vinne: ukweli wa jambo, thamani zako, kanuni, na wale unaowiwa uaminifu. Ni chombo kizuri. Wengi wetu tunakijaza vizuri kwenye mtihani na kukisahau siku ya habari. Kitumie sasa, kwa mistari michache:

1. Najua nini, na nimekijuaje?
2. Mema gani yanagongana?
3. Kanuni ipi inanihusu, na inasema nini?
4. Namwiwa nani uaminifu, na nimemtanguliza nani?
5. Nimeamua nini, na nani atabeba gharama ya uamuzi huu?

Swali la tano usilikwepe. Uamuzi wowote una mtu anayeulipia. Mtaje.

Kisha mpe mtu wako wa "hapana" ausome. Akipinga, andika hoja yake neno kwa neno, ujibu chini yake. Usipoweza kuijibu, rudi hatua ya sita. Mhariri naye atie sahihi.

Onyo: ukurasa huu usiwe na jina la chanzo. Madaftari hupotea.

Umefanikiwa ikiwa ungekuwa tayari kuusoma kwa sauti mbele ya chanzo na mbele ya mtuhumiwa, bila kubadilisha neno.

## Hatua ya 9: Baada ya kuchapisha

Kosa likigundulika, sahihisha siku hiyohiyo na useme kilichokuwa kimekosewa. Usibadilishe kimyakimya.

Mtu akikuomba uifute habari mtandaoni, usijibu papo hapo. Aibu peke yake haitoshi kufuta habari ya kweli. Hatari kwa maisha, au jina la mtu aliyekuwa mtoto wakati ule, ni jambo jingine. Hapo kuondoa jina na kuacha habari mara nyingi kunatosha.

Usishiriki mabishano ya maoni chini ya habari yako. Neno moja la hasira kama "ningeweza kukuonyesha ujumbe wenyewe" limeshapunguza orodha ya wanaoshukiwa.

Mpigie chanzo jioni ya siku habari ilipotoka. Mpigie tena baada ya wiki moja, wakati kelele zimekwisha na wewe umeshaanza habari nyingine. Muulize kama kuna aliyemfuata, kama anaingia darasani, kama analala. Akisema mambo si mazuri, mweleze mhariri usiku huohuo. Jibu lake liandike kwenye daftari lilelile, chini ya masharti mliyokubaliana siku ya kwanza, na uweke tarehe.